Bilinganya Ambazo Bi Jomila Hakuzila

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Dakta Shefali Mridha atarudisha funguo za kitalu na kukiaga kituo chetu cha utafiti wa mboga, hapa nje kidogo ya mji wa Jashore. Aliingia akiwa mtafiti msaidizi. Anaondoka akiwa mkuu wa idara ya bilinganya, cheo ambacho watu wa nje hukicheka mpaka waalikwe chakula.

Kazi iliyompa jina ni bilinganya isiyoliwa na kiwavi. Zamani wakulima wa huku walinyunyiza dawa msimu mzima, na bado mama wa nyumbani akipasua bilinganya alimkuta mpangaji ndani. Dakta na wenzake wakaibadilisha vinasaba. Kiwavi akiing'ata, safari yake imeishia hapo. Madawa yakapungua mashambani. Ndipo watu waliokula sumu miaka yote bila kunung'unika walipoanza kuiogopa bilinganya.

Siku ya kuionyesha kwa wakubwa tulikaanga masinia ya vipande vilivyochovywa kwenye unga wa dengu. Hotuba zilikuwa tamu, na kila mheshimiwa alipigwa picha kipande kikiwa mdomoni. Walipoondoka tulivikuta chini ya viti, vizima kabisa. Dakta alivitazama, akasema, "Angalau kiwavi alikuwa na ujasiri wa kung'ata."

Lakini waheshimiwa hawakumsumbua sana. Aliyemkosesha usingizi ni mama yake mzazi, Bi Jomila, anayeishi kijijini ng'ambo ya mto. Bi Jomila huchoma bilinganya juu ya moto wa kuni, akaiponda kwa mafuta ya haradali, ila kwanza huipasua amtafute kiwavi. Kiwavi akiwepo, anatolewa, mapishi yanaendelea. Za bintiye hazikuwa na kitu.

"Mdudu mwenyewe kaikataa, mimi ni nani?" alisema, na kikapu kizima kikaenda kwa mbuzi wa jirani.

Mama huyohuyo hula tambi za pakiti zenye unga wa viungo wa rangi ya chungwa. Dakta alipomlalamikia, alijibiwa kwa jina lake la nyumbani: "Hizi zimetengenezwa na watu nisiowajua, Tuni. Zako umetengeneza wewe, na wewe nakujua tangu ulipokuwa ukichovya vidole kwenye sukari."

Basi Dakta akawa anarudi kijijini kila baada ya wiki mbili tatu, na kikapu cha kituo mkononi, kumbembeleza upya. Na hapa tuseme ukweli: kwetu, mwanamke aliyeolewa haendi kwao kila anapojisikia. Huenda sikukuu, huenda msimu wa maembe, tena kwa ruhusa ya mama mkwe. Bi Korimon, mama mkwe wa Dakta, hajawahi kutishwa na shahada ya mtu, na hata leo ruhusa zake ni za kubana. Ila kazi ya serikali aliiheshimu. "Mama yako bado hajala?" aliuliza kila mara. "Haya nenda, mwanangu, usije ukafukuzwa kazi."

Kila safari Dakta alirudi na kikapu kitupu na habari za mbuzi. Sisi tulicheka. Yeye ilimuuma kweli, na mwaka huu alituambia waziwazi kwamba kustaafu kabla mama yake hajaonja ni kustaafu ameshindwa.

Mwezi uliopita tukampeleka kwa gari la kituo, tumsaidie kubembeleza. Tulifika bila taarifa. Uani kulikuwa na rundo la bilinganya, na mbili zilikuwa motoni. Dakta aliijua mbegu yake kabla hajavuka kizingiti.

"Mama, hizi si zangu?"

"Zako. Nazila tangu mwaka wa mafuriko makubwa."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi alikufa zamani, Tuni."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Bi Jomila aligeuza bilinganya motoni, akapuliza vidole. "Ningekwambia, ungekuja kwa kisingizio gani?"

Dereva wetu alikumbuka ghafla kwamba kuna tairi la kuangalia. Dakta alikaa chini palepale jikoni, akalia, na sisi tukalia naye. Kisha tukala. Zilikuwa tamu, ingawa chumvi ilizidi kidogo.

Dakta Shefali, tunakushukuru kwa mbegu, kwa ukali wako vitaluni na kwa kutufundisha kula tunachokihubiri. Kwa yeyote atakayeuliza, hasa Bi Korimon, taarifa rasmi ya kituo ni kwamba Bi Jomila bado hajala, na utafiti unaendelea. Uishi vema, dada yetu, na afya iwe upande wako.

Funguo zirudishe. Kikapu kaa nacho.