Dada Yetu na Sifongo Namba 212

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, fundi pampu. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Wa pili ni mdogo wake wa kiume anayesoma wasifu huu, ambaye marehemu alimbeba mgongoni mpaka majirani wakaanza kumuuliza kama miguu ya mtoto huyo ni mapambo.

Alianza shule mwaka 1971. Akiwa darasa la sita alileta darasani sifongo wa baharini aliyemwokota ufukweni, akauliza: "Mwalimu, mnyama huyu hakimbii, hang'ati, hana hata gamba. Mbona samaki hawamli?" Mwalimu akamwambia aache kuwapotezea wenzake muda. Swali hilo lilimfikisha kwenye shahada ya uzamivu ya kemia mwaka 1995. Aligundua, kama wenzake wa fani hiyo, kwamba sifongo hujilinda kwa kemikali za mwilini mwake, na kinachomfukuza samaki huenda kikamfaa mgonjwa.

Kuanzia 1996 aliongoza maabara ya chumba kimoja, ghorofa ya pili, dirisha likitazama maegesho ya magari. Humo aliwakatakata sifongo, akawaloweka kwenye spiriti, akachuja, akatenganisha kemikali moja moja na kuzijaribu. Aliyemletea sifongo ni huyu mdogo wake, mzamiaji. Kila mmoja alifungiwa kikaratasi chenye tarehe, mahali na kina cha maji. "Sifongo bila kikaratasi ni takataka," alikuwa akisema. "Nikipata dawa ndani yake, nitarudi wapi?"

Tarehe 20 Desemba 1997 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti mmoja. Shemeji yetu hupenda kusema alioa mke mmoja akaongezewa jokofu, maana sifongo walilala humo pamoja na nyama, na hakuna aliyethubutu kupika bila kuuliza.

Mwaka 2009, sifongo namba 212, wa manjano, mdogo kama ngumi, alitoa kemikali iliyoua seli za saratani kwenye vibakuli vya maabara na kuziacha zilizo nzima. Haikujaza hata kijiko. Kikaratasi kilisema: mwamba wa nje, mita kumi na nane. Kwa miaka kumi na minne dada alituma wazamiaji kwenye mwamba huo, nao wakarudi mikono mitupu. Wataalamu wenzake wakaanza kunong'ona kwamba alikosea vipimo. Wahenga walisema mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Dada alichoka, na hakupata.

Ukweli ni huu, na familia imekubali usemwe. Siku ya sifongo namba 212, mdogo wake hakwenda mwambani. Alikuwa ametoka kwenye sherehe, kichwa kinamgonga. Alimbandua sifongo kwenye gati la zamani, maji ya kifuani, kisha akaandika mahali alipotumwa. Mwanzoni aliliona jambo dogo. Lilipokuwa kubwa aliona aibu, na kila mwaka aibu ikaongezeka.

Moyo ulianza kumsumbua marehemu Novemba 2023. Jumapili, tarehe 1 Juni 2025, akiwa wodini, aliuliza: "Mdogo wangu, yule wa manjano, hivi ulimtoa wapi?"

"Palepale, dada."

"Haya," akasema, akaomba ageuziwe mto. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, binti, mdogo wake, na wanafunzi sita walioketi hapa leo, Alhamisi, mstari wa pili. Nyie wanafunzi, kalamu mnazo. Andikeni: sifongo namba 212, tarehe 9 Agosti 2009, gati la zamani, nguzo ya tatu kutoka ufukweni, upande wa kivuli, mita moja na nusu. Nguzo bado zimesimama.

Dada yetu apumzike kwa amani, na amsamehe mdogo wake aliyemjibu akiwa amechelewa siku nne.