Kijiti cha Mwanapili

Kliniki ya methadoni, dawa ya kuachia unga wa kulevya, upande huu wa barabara ya Msambweni, ina sharti moja: ukishakunywa dozi yako dirishani, useme neno, mhudumu ajue umemeza wala hukuificha shavuni ukaiuze. Mishi husema "Alhamdulillahi." Kavenya husema lolote, na husema mengi, mpaka foleni nyuma yake ianze kunung'unika. Mwanapili husema "Nzai," jina la mwanawe wa miaka sita, anayelelewa Ramisi na dadake Mwanapili. Hakuna mahali pengine anapolitamka. Wakitoka hapo, wote watatu huvuka hadi kwenye ubao uliolazwa juu ya matofali, mbele ya birika la Jaafar muuza kahawa, na kuanza kuiendesha dunia. Asubuhi hii Mwanapili alikuwa na kadi mkononi: leo, kabla ya saa sita, awekewe kijiti cha kuzuia mimba. Dadake alimwambia waziwazi, akimaliza mwaka bila unga na bila mimba nyingine, aje amchukue mtoto. Miezi kumi imekwisha. Kadi ameikunja mara nne, kama mtu anayetaka kuimeza nayo.

— Usiende, alisema Mishi, aitwaye Daktari kwa kuwa hakuna wodi ya pwani ambayo hajalazwa. Kijiti cha nini? Unga ulishatufunga kizazi zamani. Mimi mwaka wa nane huu, pedi naziona kwa matangazo tu.

— Na hiyo kitu hutembea! alidakia Kavenya, aitwaye Redio, aliyeletwa pwani na kazi za hoteli. Kuna dem wa Likoni, aki ya Mungu, aliwekewa kwa mkono ikapatikana kwa kisigino. Saa hii akivaa viatu, anasimama juu ya mpango wa uzazi.

— Jaafar, wasikia mambo? aliuliza Mishi.

— Mimi nauza kahawa, alisema Jaafar. Masikio nimeyaacha nyumbani.

Mwanapili alicheka, akawaomba waendelee. Kila neno lao lilimpa dakika moja zaidi ya kutokwenda.

— Kisha methadoni yenyewe yazuia, alisema Mishi. Tamu vile, nzito vile, mtoto atashika wapi? Atateleza.

— Tena zikipatana ndani zitachapana! alidakia Kavenya. Kijiti na dozi! Dozi inashindwa, unaamka na arosto, mifupa inakuuma kama siku ya kwanza ya kuacha unga.

— Na kina antena, alisema Mishi, sauti ameishusha. Ukilala popote, wao wajua.

— Basi waniwekee mbili, alisema Kavenya. Angalau mtu mmoja ajue nimelala wapi.

Kicheko kilipaa, kisha kikatua chenyewe katikati ya ubao, na hakuna aliyekigusa. Mishi alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Mwanapili alimkumbuka Musyoki, mlinzi wa hoteli moja kule Diani, anayemjia Jumapili na kuondoka kabla chai haijachemka. Hata huyo hajawahi kumuuliza kama ana mtoto.

Hapo ndipo alipokuja Ummi, mwenye siku tatu tu katika dozi, buibui likimpwaya mabegani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Sogea, ubao haumng'ati mtu.

— Samahani, mama zangu. Muuguzi ameniuliza kitu, nikashindwa. Asema ukishaacha unga, siku za mwanamke zarudi, tena mimba yaweza kuzitangulia. Ninyi, mara ya mwisho kuona siku zenu ilikuwa lini?

Mishi alifungua mdomo, akautia kahawa. Kavenya alihesabu vidole, akarudia kuhesabu, kisha Redio, kwa mara ya kwanza tangu ijulikane pwani, ikazimika. Jaafar alichungulia ndani ya birika kana kwamba jibu limezama humo.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Mwanapili alikuwa anajua. Alijua tangu asubuhi, tangu juzi, na ndiyo maana vichekesho vya wenzake vilimnogea vile. Mara yake ya mwisho ilikuwa wiki ya Idi. Alifua leso yenye damu mara mbili alfajiri, akidhani ni ugonjwa, wala hakumwambia mtu kwa sababu hapakuwa na mtu. Tangu hapo hakuona tena. Na Idi ina miezi mitatu sasa.

Alisimama, akaikunjua kadi.

— Waenda wapi, shoga? Kijiti hukiogopi tena?

— Hawaniwekei kabla ya kunipima mimba, alisema. Naenda kupimwa.

— Tukusindikize? aliuliza Mishi.

Mwanapili alingoja kidogo. Hakuna aliyesogea isipokuwa Ummi, aliyejivuta polepole akaketi pale Mwanapili alipotoka.

Ndani, muuguzi alikuwa na fomu mezani.

— Umekuja na nani, dada?

— Peke yangu.

— Haya, keti. Mara ya mwisho kuona siku zako ilikuwa lini?

Mwanapili alimeza, ingawa mdomoni hamkuwa na kitu. Miezi kumi sasa, kila akimeza mbele ya mtu, neno ni moja tu, na ndilo lililomtoka.

— Nzai.

Muuguzi aliinua kichwa, kalamu ikingoja.

— Wiki ya Idi, alisema Mwanapili.