Uzi wa Tano wa Shangazi

Benchi letu liko mbele ya mlango wangu wa ushonaji. Mguu wake mmoja mfupi, kwa hiyo tumeutia kipande cha kigae, na hata hivyo ukiinuka ghafla mwenzako wa ncha ya pili anaweza kujikuta chini. Ndiyo maana hapa mtu hasimami bila kuaga. Mlango wa kushoto ni saluni ya Wembe, kinyozi mwenye spika kubwa kuliko idadi ya wateja wake. Kulia, chini ya dirisha langu, hukaa Shangazi, muuza kahawa, na jiko lake, birika na vikombe. Si shangazi wa mtu yeyote pale, lakini wote tunamwita hivyo, hata Breki aliyemzidi umri. Breki aliendesha malori miaka thelathini na moja. Sasa anaendesha mazungumzo. Wa nne ni Koki, fundi bomba, ambaye kila asubuhi ana kazi ya haraka mahali fulani na kila asubuhi bado yuko nasi. Jumanne ile Shangazi alichelewa kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Alipotokea, alikuwa na birika mkono mmoja, na mkono wa pili amekumbatia boksi refu kumshinda yeye mwenyewe.

— Shangazi, umenunua ngazi? aliuliza Koki.

— Ngazi huwa na boksi? Breki akamkata. Hiyo ni feni ya kusimama. Naijua, nimebeba sana.

Shangazi aliwasha jiko, akatumiminia kahawa, akaliweka birika motoni. Aliomba mkasi wangu, ule wa kitambaa, na mimi mkasi ule simpi hata mke wangu. Nikampa. Akakata utepe wa gundi, akatoa povu jeupe, na ndani yake likatoka gitaa jekundu, linang'aa kama kucha za bibi harusi.

Tukatumbua macho. Breki ndiye aliyepona kwanza.

— Wamekuuzia bovu. Halina tundu.

— Tundu gani?

— Gitaa lina tundu katikati. Hili wamesahau kutoboa. Mbao tupu!

— Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, Koki akatikisa kichwa. Sasa hili si debe, ni gogo. Halitavuma.

— Ni la umeme, alisema Shangazi. Na ni la besi.

Wembe alitoka saluni na mashine ya kunyolea mkononi, mteja kamwacha ndani na nusu ya kichwa. Akainama, akahesabu kwa kidole.

— Besi lina nyuzi nne. Hili lina tano.

— Wewe umejuaje? Breki akauliza.

— Nina bango la bendi ukutani. Miaka kumi na miwili nanyoa watu mbele ya lile besi. Nyuzi ni nne.

Hapo ndipo kazi zote za mtaa ziliposimama. Sindano niliiacha katikati ya pindo la suruali ya watu.

— Jambo dogo hilo, alisema Breki. Wa tano ni spea. Gari lina matairi yake, halafu lina spea.

— Spea haifungwi pamoja na matairi yanayotembea, Koki akasema. Huo ni wa kupunguzia presha. Kila mtambo una koki ya kupunguzia presha, la sivyo unapasuka.

— Gitaa linapasuka?

— Kwa sababu lina uzi wa tano, ndiyo maana hujawahi kuona likipasuka!

— Mimi nadhani ni uzi wa mgeni, alisema Wembe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mpigaji akichoka, mwingine anasogea pembeni, anapiga huo mmoja wake.

— Nyote hamjui, Breki akaweka kikombe chini, dalili kwamba sasa tunasafiri mbali. Niliwahi kupakia vyombo vya bendi. Mwenye mzigo aliniambia mwenyewe: ule uzi mnene sauti yake iko chini mno, sikio la binadamu haliifikii. Tembo ndio wanaoisikia.

— Tembo?

— Tembo huongea kwa sauti nzito, kilomita na kilomita. Ukipiga huo uzi harusini, wao wanajua wamealikwa.

— Waje huku mtaani?

— Kwani wanahitaji nauli? Watatembea.

Koki alicheka mpaka akainuka, na Breki akateleza kutoka ncha ya pili, akakiangukia kikombe chake. Kahawa ilimwagikia suruali ya watu. Nilikuwa nimefungua mdomo nigombe, nikakumbuka jambo.

— Shangazi, nikamuuliza, na wewe unalitakia kazi gani?

Alikuwa amelipakata, anafuta vidole kwa kanga.

— Jumamosi mdogo wangu anaolewa.

Mdogo wake tunamjua. Ni mwalimu, ana miaka arobaini na saba, hupita hapa na mfuko wa madaftari na hutusahihisha tukikosea kuongea. Habari ya posa yake ilikuwa imetufurahisha wiki nzima.

— Nilipokuwa msichana nilipiga besi kwenye kwaya, Shangazi akasema. La nyuzi nne. Yeye alikuwa na miaka kumi na mmoja, anaosha vyombo anaimba, mimi nampigia mlangoni. Nikamwahidi: siku ukiolewa, wewe utaimba na mimi nitapiga. Basi. Mama alipofariki nikawa ndiye mama. Alipopata nafasi chuo cha ualimu nikaliuza lile besi, akaenda. Hajawahi kunikumbusha ahadi, anaona haya kwa sababu anajua liliuzwa kwa ajili yake. Juzi kaniambia kwenye sherehe ataimba mwenyewe, bila chombo chochote. Nikamwambia sawa. Kesho yake nikaenda dukani.

Wembe alizima mashine yake.

— Na wa tano? Wembe aliuliza polepole.

— Miaka ishirini na mitatu ya kupigia watoto kelele darasani, sauti yake imeshuka. Ule wimbo sasa lazima ushushwe, na kule anakoufikisha besi la nyuzi nne halina noti za chini hivyo. Uzi wa tano unafika. Lilikuwa hili tu, la bei nafuu kuliko yote ya nyuzi tano.

— Basi piga tusikie! alisema Koki.

Akapiga. Likatoka zzzrrrr, kama nzi ndani ya chupa. Akabana mbele, zzzrrrr. Akabana nyuma kidogo, likatulia, lakini sauti haikuwa mahali pake. Uso wa Shangazi ulishuka.

— Siku nne, alisema. Na sijagusa uzi tangu nilipoliuza lile la kwanza.

Nikwambie kweli, nilikuwa sijawahi kuona benchi lile likiinuka kufanya kazi kwa umoja. Siku ile liliinuka, na hakuna aliyeaga.

Shangazi alibana uzi mwanzo wa shingo na mwisho wake, akaniambia nitazame katikati kama kuna upenyo chini ya uzi. Macho ya mshonaji hayadanganywi na upenyo: hapakuwa na hata wa unywele. Shingo imejipinda kwa nyuma, nyuzi zinalala juu ya vile vyuma vilivyopangwa kama ngazi, ndiyo maana zinakwaruza.

— Ndani ya shingo kuna chuma kirefu, alisema. Kinakazwa sana kiwandani. Kilegezwe kidogo.

Ndani ya boksi kulikuwa na kispana kilichopinda kama herufi L. Breki akakinyakua.

— Zungusha mzunguko mzima! Samaki mkunje angali mbichi!

— We! Koki akamnyang'anya. Ukikunja hivyo tutakula samaki kweli, gitaa litakuwa limekwisha. Shangazi, kiasi gani?

— Robo. Kinyume cha mshale wa saa.

Koki huyu, ambaye nimemwona akivunja sinki kwa kulitazama, alizungusha robo kwa vidole viwili, amefumba macho, anasikiliza chuma kama daktari anavyosikiliza kifua. Tukasubiri mbao itulie. Breki alisema haraka haraka haina baraka, halafu baada ya dakika mbili akasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikatazama tena: upenyo ukaonekana, kadi yangu ya biashara ikapita bila kusukumwa.

Kisha urefu. Kule mkiani kila uzi umekalia kidaraja chake kidogo, na kila kidaraja kina vijiskrubu viwili vya kukipandisha na kukishusha. Shangazi alisema uzi mnene uwe milimita tatu juu ya chuma cha kumi na mbili, zinazofuata zipungue kidogo kidogo, mwembamba uwe mbili. Milimita ndiyo lugha yangu. Nilipiga magoti na rula yangu ya chuma nikapima besi lile kama koti la waziri.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, Koki alininong'oneza.

— Nyamaza, nahesabu.

Wembe aliweka simu yake juu ya benchi, ile programu yenye mshale unaogeuka kijani noti ikiwa sawa. Shangazi akazungusha masikio ya kukazia nyuzi, moja moja, nasi wote tunautazama mshale kama penalti ya mwisho.

— Bado... bado... kijani!

— Kijani!

Mtu aliyepita na baiskeli alisimama kuuliza nani kafunga.

Tukadhani tumemaliza. Shangazi akapiga ule mnene mtupu, kijani. Akaubana kwenye chuma cha kumi na mbili, mshale ukaruka juu. Pale inatakiwa noti ile ile, ngazi moja juu, lakini ilikuwa imepita mahali pake.

— Uzi ni mfupi, alisema. Kidaraja kirudi nyuma.

— Lakini uzi ni ule ule! Breki akalalamika. Utakuwaje mfupi?

Hapo nilimweleza mimi, kwa sababu ni kama suruali: kitambaa ni kile kile, unashusha pindo. Shangazi akalegeza uzi, akarudisha kidaraja nyuma kidogo, akakaza, akapima. Bado. Akarudisha tena. Mara ya nne mshale ulisimama wima, uzi ukiwa mtupu na ukibanwa, na Breki akambusu Koki kwenye paji la uso, jambo ambalo wote wawili sasa wanalikana.

— Sasa piga!

Akapiga. Hakuna nzi. Lakini tuliinamisha masikio mpaka vichwa vinagongana, na sauti ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeongea chini ya blanketi.

— Nilisema halina tundu, Breki akasema.

— Linataka spika, alisema Shangazi.

Tukageuka wote kumtazama Wembe. Wembe akaitazama saluni yake. Akapumua kama mtu anayetoa binti.

— Lakini sauti chini, Shangazi. Ikipasuka ile, nitakuwa kinyozi wa kimya kimya.

Akaingia naye, tukasikia waya ukichomekwa, tukasikia yule mteja wa nusu kichwa akiuliza kama aje kesho. Mlango ukafungwa. Kisha uzi wa tano ukapigwa.

Haukuingia masikioni, uliingia kwenye benchi. Kigae chini ya mguu kilitetemeka. Vikombe vya Shangazi vilianza kusalimiana kwenye sinia, na kupitia kioo cha saluni nikaona kopo la poda likitembea lenyewe ukingoni mwa kabati, na mteja akilidaka hewani. Koki alishika kifua kwa mikono miwili, anacheka bila sauti.

— Tembo wameshaondoka nyumbani, alisema Breki.

Shangazi alianza kwa kukosea. Akarudia. Akakosea mbele zaidi. Halafu vidole vikakumbuka, na wimbo ukaanza kutembea, taratibu, mzito, kama mtu mnene anayecheza vizuri.

Tulikuwa tunatikisa vichwa hivyo hivyo, wapumbavu watatu kwenye benchi, tulipoona mfuko wa madaftari mbele yetu.

— Hamjambo, alisema Mwalimu. Dada yuko wapi? Na mbona birika linaungua?

Tukatazamana.

— Amekwenda... kung'oa jino, nikasema.

— Amekwenda kununua mkaa, akasema Koki wakati ule ule.

— Jino la mkaa, akamalizia Breki.

Mwalimu alifungua kinywa atusahihishe. Hakusahihisha. Alikuwa amegeuza kichwa kuelekea mlango wa saluni. Wimbo ulikuwa umefika mahali unaposhuka, chini, chini zaidi, kule ambako nyuzi nne haziendi, na uzi wa tano ukampokea. Aliweka mfuko kwenye benchi kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Midomo yake ikaanza kusogea, bila sauti. Aliimba hivyo wimbo mzima, kimya, amesimama katikati yetu, amefumba macho.

Ulipoisha alichukua mfuko wake.

— Sikupita hapa, alisema.

— Hukupita, tukasema.

— Jumamosi nitashangaa. Nitashangaa sana. Na ninyi mkinifanya nicheke, nitawaita mmoja mmoja kwa majina yenu ya shuleni.

Akaenda zake upesi. Mlango wa saluni ukafunguka, Shangazi akatoka jasho linamtiririka, anacheka kama msichana, vidole vyekundu amevinyoosha mbele asiviguse popote. Nyuma yake Wembe na mteja, ambaye bado alikuwa na nusu kichwa na hakuonekana kujali. Shangazi alitazama birika lililokauka jekundu juu ya moto. Akatutazama sisi, tumejipanga, tumenyooka, mikono magotini.

— Kuna mtu alipita hapa?

Koki alitazama juu kama anayetafuta bomba linalovuja mbinguni. Mimi nilianza kutia uzi kwenye sindano iliyokuwa na uzi tayari. Breki, mtu wa miaka thelathini na moja barabarani, alichungulia kikombe kitupu kana kwamba ni injini.

— Jamani, nimewauliza. Kuna mtu alipita?

Kule mwisho wa mtaa, kwenye kona, Mwalimu alikuwa bado amesimama, ametugeuzia mgongo, na mguu wake mmoja ulikuwa unahesabu mapigo ya wimbo.

— Shangazi, Breki akasema hatimaye, hebu rudia. Kutoka mwanzo. Na uongeze sauti kidogo.