Siku Nilipoandika Kwamba Kaagya Hawataki Kazi

Sifa ni za Bwana, ndugu zangu, maana mimi leo sina za kwangu. Kwa miezi saba nimekana kwamba ni mimi niliyewakosesha watu wa Kaagya kitalu cha miche ya kahawa. Kila nilipoulizwa nilisema uamuzi ulitoka juu. Ulitoka juu kweli, ila ulipanda huko kutoka kwenye kalamu yangu.

Mnanifahamu. Nina shahada mbili, na huandika makala kuhusu vijiji ambamo silali. Serikali ilipoleta mpango wa ajira vijijini, nilipewa kazi ya kuandikisha wanaotaka kufanya kazi kwenye vitalu, wilaya za Bukoba Vijijini na Muleba. Kamachumu walijaza uwanja. Rubya walisukumana mlangoni. Kaagya nilikaa ofisi ya kijiji tangu saa tatu hadi saa saba, na hakuja mtu.

Ndugu zangu, nilijua sababu. Siku ile walikuwa wanamzika mzee Ta Kaijage. Mimi ni Mhaya. Sihitaji kufundishwa kwamba penye msiba hakuna anayeshika jembe, kila mtu yuko kwa wafiwa. Nilipita mbele ya msiba huo nikapandisha kioo cha gari. Kurudi siku nyingine kungeniharibia ratiba. Nikaandika: "Mwitikio hakuna. Wananchi hawana ari ya kazi." Na niliipenda sentensi hiyo.

Kijiji kikaondolewa kwenye mpango. Mimi nikaendelea kuimba sauti ya pili kanisani.

Orodha ya mwisho ya vijiji ilikuwa ifungwe Ijumaa moja saa kumi. Siku hiyo sikutulia nyumbani, nikaenda Kaagya kumsalimia shangazi yangu. Nilimkuta anamenya ndizi na Koku, mke wa mjukuu wake. Mume wa Koku alikwenda Mwanza kutafuta kibarua, na simu yake haipatikani. Mlangoni palikuwa na mabuti mapya ambayo hayajakanyaga tope.

"Koku aliyanunua kwa ajili ya kitalu," shangazi akasema. "Sasa anayapangusa kila Jumamosi kama vyombo vya wageni."

"Uamuzi ulitoka juu, shangazi."

"Juu wapi, waitu, mwanetu? Si wewe uliyepita hapa na gari tukimzika Ta Kaijage? Nikawaambia watu, huyo anatafuta pa kuegesha, anakuja kulia na sisi. Kumbe ulikuwa unawahi chakula cha mchana."

Koku hakucheka. Aliniuliza taratibu, "Mama, hivi waliandika nini kuhusu sisi?"

Jibu la uongo lilikuwa tayari mdomoni, limenyooka, lina hata kiunganishi. Bwana akalizuia.

"Niliandika mimi," nikasema. "Niliandika kwamba hamtaki kazi."

Kisu cha shangazi kikasimama kwenye ndizi. Ilikuwa saa tisa na robo.

"Simu unayo," akasema. "Au hizo shahada hazipigi?"

Nikampigia mratibu wa mpango pale pale, mbele yao. Nikamweleza kila kitu, hadi kioo cha gari. Akauliza kama najua hayo yatakwenda kwenye faili langu. Nikasema najua. Akasema nisubiri.

Ndugu zangu, kusubiri kule sijakusahau. Koku aliacha kumenya akakaa anaitazama simu. Niliomba bila maneno mazuri, maana maneno mazuri ndiyo yaliyonifikisha pale. Na wewe unayesoma, kama una uongo ulioupamba vizuri, mtegemee Bwana uuseme wakati bado kuna wa kusaidika. Atakushika. Mimi alinishika nikiwa nimekaa kwenye kigoda.

Saa kumi kasoro dakika tano simu ikaita.

"Kaagya imerudi kwenye orodha," mratibu akasema. "Uandikishaji Jumatatu. Ila atakuja mtu mwingine, mama. Wewe kazi yako na sisi imekwisha."

Nikamwambia asante, nikampa Koku simu asikie mwenyewe.