Chumba cha Baridi cha Danieli

Ingieni wote, wanangu, na mlango uacheni wazi, maana ninayoyasema leo si siri. Aroni, kaa hapo miguuni pangu nikuone uso. Goodness, niinue kidogo, niwekee mto mgongoni, kisha na wewe ukae. Happy, mkwe wangu, usisimame mlangoni kama jirani aliyekuja kuomba moto. Pita, ukae huku ukutani karibu na kichwa changu. Mwinjilisti Sifaeli nimemwita mwenyewe, ili kesho asitokee mmoja wa kusema Mama alisema hivi na mwingine akasema alisema vile. Sikilizeni, na msinikatize, kwa sababu kifua hiki kikishakatizwa sijui kama kitanirudisha nilipoachia.

Nianze na yaliyo mepesi. Nyumba hii ni ya Goodness, hata akiolewa kesho, maana ndiye aliyenigeuza kitandani miezi yote hii. Ng'ombe na ndama wake ni wa Aroni. Jirani yetu Tumpe ananidai debe la maharage ya mbegu tangu masika ya mwaka jana. Mlipeni maharage, msimlipe maneno. Vitenge vyangu gawaneni bila kelele. Hayo yamekwisha, na najua hamkuja kwa ajili ya hayo.

Mmekuja kwa ajili ya shamba la miti ambalo halipo tena, na kile chumba kilichosimama tupu barabarani pale Ilula, na mlima ambao watu wa upepo wanautaka. Yote hayo ni habari ya kaka yenu Danieli, na ninyi mmekuwa mkiisema vipande vipande, kila mtu akichukua kipande kinachomfaa. Leo nitaisema yote, na baada ya hapa isisemwe kwa ugomvi.

Danieli alirudi kutoka chuo cha kilimo mwaka ambao nyanya zilijaa Ilula hata ng'ombe wakazikinai. Goodness ulikuwa mdogo, hukumbuki. Marehemu baba yenu Eliezeri alikuwa anapanga matenga yake kando ya lami tangu asubuhi, na wenye malori kutoka Dar wanapita, wanatazama, wanakwenda kunywa chai. Wanarudi jua likiinama, wanasema bei yao, nao wanataka tenga lijazwe lumbesa mpaka nyanya zikae juu kama kilima. Baba yenu anakubali, kwa kuwa nyanya iliyoiva haiwezi kulala pale na kuamka nzima. Danieli akasimama akatazama hayo siku nyingi bila kusema. Halafu siku moja tunachambua nyanya akaniambia, "Mama, hawa watu hawatushindi kwa akili. Wanatushinda kwa sababu nyanya haiwezi kungoja. Nikiipa nafasi ya kungoja, tutaongea nao kama watu wazima."

Hilo lilikuwa neno la mtu mwenye akili, na mpaka leo sijaona kosa lake. Akaeleza habari ya chumba cha baridi kinachoendeshwa na jua, kuta zake nene, paa lake vioo vya kunasa jua, na betri za kutunza umeme wa usiku. Kampuni moja ilikuwa inaviuza kwa mkopo. Umeme wa nguzo ulikuwa umefika Ilula, lakini ulikuwa unakatika upendavyo, naye akasema jua halina mgawo.

Ukaitishwa mkutano wa kijiji. Mimi nilisimama mbele za watu nikamwuliza, "Danieli mwanangu, mwezi wa saba mawingu yanalala juu ya mlima huu, jua hatulioni. Mashine yako itakula nini?" Akacheka, akasema, "Mama, mwezi wa saba mlima wote ni jokofu. Mashine italala, nasi tutalala." Watu wakapiga makofi, na mimi mwenyewe nikacheka, kwa sababu alinishinda kwa haki. Nikamwuliza tena, "Na ikiharibika?" Akasema, "Kila kitu kinaharibika, Mama, hata jembe." Nikasema, "Jembe, fundi wake yuko hapa hapa." Mwenyekiti akafunga mkutano, mvua ilikuwa inakuja.

Mkopo ulitaka dhamana, na dhamana tuliyokuwa nayo ni shamba la miti, ile misonobari aliyoipanda baba yenu alipoacha kazi ya kupasua mbao. Sasa, Aroni, nisikilize hapa vizuri. Umesema kwa watu kwamba Danieli aliliiba shamba la miti. Shamba halikuibiwa. Baba yenu aliweka sahihi yake, na karatasi ikataka na ya mke, nami nikaweka yangu. Hakunishika mtu mkono. Sikuamini kwamba kazi ile italipa, nikamwambia baba yenu hivyo jikoni, naye akanijibu, "Tekla, kama hatumwamini mtoto tuliyemsomesha wenyewe, tulimsomesha ili amwamini nani?" Nikaweka sahihi nikarudi kwenye sufuria yangu.

Na msidanganyike, chumba kile kilifanya kazi. Watu wanaposimulia wanaruka hapo. Mimi niliingia ndani nikiwa na kitenge kimoja nikatoka natetemeka kama niliyelala Makete. Nyanya zilizokaa humo zaidi ya wiki nilizibonyeza kwa kidole, ngumu, kama zimechumwa asubuhi. Nikamwambia Danieli, "Haya, baba, mimi nimeona." Alifurahi sana. Siku hiyo alikula ugali mara mbili.

Lakini nyanya kungoja ni jambo moja, na mnunuzi kuja ni jambo lingine. Wenye malori walipoona watu wa Ilula hawana haraka tena, hawakukaa kubishana. Walipita wakateremka Ruaha Mbuyuni, ambako nyanya zilikuwa zinangoja juani na wenyewe wanaogopa, wakapakia huko wakaenda zao Dar. Nyanya zetu zikangoja. Zilipotoka, nzima kabisa, mashamba mengine yalikuwa yameiva na bei imeshuka chini ya pale ilipokuwa siku zilipoingia. Na kila tenga lililolala humo lilidaiwa ada, maana jua ni bure, lakini vioo si bure, betri si bure, mlinzi si bure, na mkopo haujui kama leo chumba kimejaa au kina matenga mawili. Watu wakafanya hesabu zao kimya kimya wakaacha kuleta. Hakuna aliyemtukana. Waliacha tu.

Halafu ile inveta, kile chombo kinachogeuza umeme wa jua, ikaungua. Danieli akapiga simu kwenye kampuni. Wakasema spea inatoka nje, asubiri. Akasubiri. Akaleta fundi wa Iringa, akaleta na wa Mbeya, wote walifungua, wakatazama, wakafunga. Akaenda Dar mwenyewe, akakuta ofisi ile sasa wanauza matairi. Betri zikakaa bila chaji mpaka zikafa, na tukaambiwa bei ya betri mpya, na baba yenu alipoisikia aliomba maji ya kunywa. Baba yenu hakufika mwaka uliofuata.

Waliokopesha wakachukua shamba la miti kwa haki yao, wakaliuza, na mnunuzi akaleta misumeno. Mlikuwepo. Nilisikia miti ikianguka nikiwa jikoni nachagua mchele. Nilimaliza kuchagua, nikaosha, nikapika. Mtu mmoja aliniambia baadaye, Mama Danieli una moyo. Sikuwa na moyo. Sikuwa na kitu.

Danieli hakukimbia. Alisema ataanza chini. Akateremka Ruaha Mbuyuni kulima vitunguu vya watu, kibarua, akamwacha Happy na watoto hapa. Huko alikuwa anaendesha pampu ya dizeli. Alinipigia akasema, "Mama, hii mashine inanuka na inapiga kelele, lakini ikikohoa kuna watu kumi wanaojua dawa yake." Alisema hivyo bila uchungu. Ninyi mnajua joto la kule bondeni na mbu wake, na mtu wa milimani damu yake haijazoea. Akarudishwa kwenye lori la vitunguu, ana homa, macho yamekuwa ya njano.

Nilikaa naye hospitalini. Alifumbua macho akaniambia, "Mama, wewe ulisema." Nikamwambia, "Sikusema hivi. Mimi nilisema mawingu." Akasema, "Kwa hiyo hata wewe hukujua." Nikasema, "Hata mimi sikujua, baba." Nadhani ilimpumzisha. Alishika kidole changu akalala, na hakuamka tena. Nilikunja shati lake nikaliweka kwenye mfuko, nikatoka nje kuuliza gari la kumrudishia.

Kwenye msiba watu walikuja wakanishika mkono, wakasema Mama Danieli aliona mbali, Mama Danieli alionya. Mpaka leo wanasema. Nimepewa heshima ya mtabiri kwa kifo cha mwanangu, na heshima hiyo sina pa kuiweka. Sijalia, wanangu. Mlidhani nalia chumbani peke yangu. Nilikuwa nimekaa tu.

Sasa Aroni. Siku ya kuondoa matanga, watu wanakula, ulisema, "Danieli fungu lake alishalila." Happy alikuwa anagawa chakula, akasikia, akaendelea kugawa. Mimi pia nilisikia. Sikusema kitu, na sasa nasema. Danieli hakula. Alipanda mahali pabaya, kama baba yako alivyowahi kupanda, kama wewe ulivyonunua pikipiki ile mbovu na hakuna aliyekukata fungu. Mchimba kisima hakatazwi maji, na watoto wa mchimba kisima hawafukuzwi kisimani kwa sababu kisima kilikauka.

Basi nagawa hivi, na Mwinjilisti asikie. Vinyungu vyote vya bondeni, vile vinavyolimwa hata kiangazi, vikatwe sehemu tatu zilizo sawa, ya Aroni, ya Goodness, na ya watoto wa Danieli. Aroni atakata, lakini wa kuchagua kwanza atakuwa Happy. Kiwanja cha Ilula na kile chumba ni cha Happy na watoto wake. Kisivunjwe, matofali yake yasiuzwe. Pale mlangoni anauza nyanya zake, na vile vioo viwili vilivyobaki anachajia simu za abiria na watu wa bodaboda, na ndiyo ada ya shule mnayoiona. Kazi ndogo ya namna hiyo jua linaiweza, sikatai. Asitokee mtu wa kumwambia Happy arudi kwao Igawa. Alikuja hapa kwa ndoa, si kwa basi.

Goodness, nipe maji. Kidogo tu... Basi.

Habari ya mlima. Hawa watu wa umeme wa upepo wamesimamisha mlingoti wao wa kupimia kule kileleni, na wanataka tukodishe ardhi ya juu. Aroni unataka kusaini kesho. Goodness unakataa, na kila ukikataa unasema, "Mama hakuamini, na mmeona." Msinitumie hivyo. Ni kweli siamini. Nimeona kitu kizuri kinachofanya kazi kikiwaangusha watu, na mtu akiniambia upepo ni wa bure nitamwuliza chuma ni cha nani. Lakini kutoamini kwangu si shamba, msigawane. Na imani ya Danieli nayo si shamba. Mimi sijui upepo. Niliposema juu ya mawingu sikujua, na ikitokea mkapata au mkakosa, asiseme mtu kwamba Mama alijua.

Ila yapo ya kuuliza, na kuuliza si ujinga. Waulizeni kodi inalipwa upepo ukiwa umelala au mpaka uvume. Waulizeni chuma hicho kikifa nani atakiteremsha, na iandikwe. Mkataba usomwe kwa Kiswahili, na asomaye awe mtu ambaye hawakumpa nauli. Kikodishwe kile kipande cha juu chenye mawe, kisiguswe kinyungu hata kimoja. Na msiweke dhamana. Wanaoamini upepo waweke dhamana zao wenyewe. Sisi tuliweka yetu mara moja. Nyote watatu mkubali, Happy akiwa mmoja wa watatu. Mmoja akikataa, mlima ukae kama ulivyo, mbuzi wale majani.

Nimechoka. Miguu siisikii tangu juzi, imekuwa kama ya mtu mwingine.

Mnizike kushoto kwa Danieli. Najua desturi ni kwa baba yenu, na baba yenu ataelewa. Msimwage saruji nyingi. Padre wa kwetu akija kwa kuwa nilizaliwa Mkatoliki, mpeni kiti, naye aombe, Mwinjilisti hatakasirika. Msiba usikae muda mrefu, nyanya zisije zikaozea shambani kwa ajili yangu.

Sogeeni. Goodness, Mungu akupe mume asiyeogopa maneno yako. Happy... mwanangu, maana mkwe ni neno refu kwangu sasa... Mungu akulindie watoto, wasome, wafanye wanachokiamini, na wakianguka wakute mtu nyumbani. Aroni, mwanangu pekee wa kiume niliyebaki naye, Mungu akupe riziki na akupunguzie mdomo. Nawabariki nyote, na wa Danieli walioko shuleni, waambieni bibi amewataja.

Bado kitu kimoja. Aroni, inuka. Mpe shemeji yako mkono. Sio mimi, yeye... Nataka nione kwa macho... Naona umeinuka. Zunguka kitanda, usinipite juu... Polepole.

Haya.

Happy, usimwachie haraka.