Homa Ikishuka Msishangilie

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu haifiki mlangoni tena, na haya ninayoyasema sitaweza kuyarudia. Opondo, mwanangu wa kwanza, kaa hapa nikuone. Aluoch, binti yangu, shika mkono huu usio na sindano. Na wewe Lazarus, mwite mkeo Mutheu aingie, asisimame huko nje kama mgeni, kwa sababu haya yanamhusu kuliko nyote.

Nianze na lile ninaloliogopa kuliko kufa. Jana mlisimama nje ya dirisha hili mkidhani nimelala, nami nikamsikia Opondo akisema kwamba Mutheu aliniwekea kitu kwenye uji, na kwamba nikishazikwa atatolewa nyumbani kwake pale Soweto West na vyombo vyake vitupwe njiani. Damu ilikuwa ikinitoka kwenye ufizi, nikaimeza ili nisikohoe mkajua niko macho.

Sikilizeni basi. Tulipokwenda Malindi kumwoza mjukuu wangu Audrey, sisi wazee tulikalishwa barazani kando ya mapipa ya maji, na mchana kutwa mbu walituuma miguuni, nasi tukawa tunacheka kwamba mbu wa pwani hawajui kulala. Waliorudi Nairobi na homa ni watatu, wote wa baraza ile: mimi, jirani yetu mama yake Mutunga, na baba yenu mdogo Dalmas. Mutheu hakufika Malindi. Mama yake Mutunga hakuonja uji wa Mutheu hata siku moja. Daktari Nderitu anaona ni dengi, homa inayoletwa na mbu wanaouma mchana, ile ambayo watu wa pwani huiita kidingapopo. Damu yangu imepelekwa maabara na jibu bado, lakini mimi ninajua maumivu haya ya mifupa niliyatoa wapi.

Aluoch, usilie, ngoja nimalize. Ulimsikia daktari akisema aspirini humzidishia kuvuja damu mwenye homa hii, nami naona tangu hapo hulali. Mimi ndiye niliyekutuma. Kichwa kilikuwa kinapasuka, sote tulidhani ni malaria, nawe ukakimbia hadi Makina kwenye mvua kunitafutia dawa. Huo ulikuwa upendo, na asitokee mtu wa kukunyooshea kidole. Opondo, nakujua, ukimaliza na Mutheu utatafuta mwingine. Usitafute.

Mama yake Mutunga alilala kitanda kile cha karibu na sinki. Homa yake iliposhuka tulishangilia, akaomba chai, wanawe wakaenda nyumbani wakicheka. Kabla ya chakula cha jioni mikono yake ilikuwa baridi, nikimwita haitiki, wakavuta pazia. Ndipo daktari akanieleza kwamba hatari ya homa hii huja wakati inaposhuka, na kwamba kwetu sisi wazee joto lenyewe linaweza kuwa dogo tu, mtu akawa anasinzia, mkasema anapumzika, kumbe ndani anavuja.

Lazarus, mbona umebadilika uso? Sema, nakusikia. Unasema Dalmas amepoa tangu jana, hataki kula, analala tu, na huko Kawangware wanamshukuru Mungu?

Basi usingoje nimalize. Nenda sasa hivi, na Mutheu aende nawe, kwa sababu mzee yule hukatalia kila mtu ila yeye. Anaogopa hospitali, mwambieni mimi Adero pia naogopa na bado nimo humu. Akikataa, mbebeni. Mpeni maji anywe njiani, na yeyote akitoa aspirini, mnyang'anyeni. Mwambieni daktari alikuwa Malindi pamoja nami. Nenda, mwanangu. Mutheu, mama, nenda.

Wamekwenda?

Nyinyi wawili sitawaficha. Homa yangu pia imeshuka asubuhi ya leo. Nimewazika watu wengi nikadhani nimeshazoea, lakini nikitazama kile kitanda naogopa kama mtoto.

Kibanda cha samaki kiwe cha Mutheu, na makarai yote ya kukaangia. Aluoch, najua ulikitaka, na ugomvi wenu ulianzia hapo. Lakini yeye ndiye aliyesimama na mimi kwenye moshi ule baba yenu alipokufa, wewe ukiwa kwako na watoto wako. Wewe chukua cherehani na vitenge vyangu. Mnizike nyumbani Asembo kando ya baba yenu, na pale kaburini mtu asiseme Adero alilogwa. Semeni aliumwa na mbu.

Mnipe maji kidogo... Yatosha.

Mungu awape uzee, wanangu. Awape watu wa kuwashika mkono kama huu. Aluoch, watoto wako wakusikilize... Lazarus afike kabla... afike tu.

Opondo, inama. Sioni vizuri, lakini nasikia. Mutheu akirudi, akinikuta au asiponikuta, utamwita nani? Hapana, si mke wa Lazarus. Ana jina. Sema.

Sauti yako ndogo, baba. Sema tena.

Eeh. Hivyo hivyo. Usiache.