Chupa Kumi na Moja za Dk. Mikidadi Mtoro Mwinshehe (1962–2025)

Bismillahi Rahmani Rahim. Assalaam alaykum.

Wenzake marehemu wa kazini ndio waliotaka wasifu. Sisi huku kwetu husoma dua tukazika. Lakini mimi, Mwanaharusi binti Mtoro, dada yake wa tumbo moja, nikasema kama lazima usomwe basi niuandike mimi, maana waliomjua tangu hajaota meno nimebaki peke yangu. Atakayewasomea ni mwanawe Ridhiwani, kwa kuwa mimi niko ndani na wanawake. Ridhiwani, soma nilivyoandika. Usiruke mstari, hata ukifika pabaya.

Marehemu alizaliwa Mlingotini, wilaya ya Bagamoyo, siku ya Alhamisi tarehe 14 Juni 1962. Alikuwa mtoto wa nne na kitinda mimba wa Mzee Mtoro Mwinshehe, fundi wa kuchonga milango, na Bi Tatu, aliyekuwa akipika mafuta ya nazi. Mama alikuwa akikamua tui, analiacha sufuriani mpaka linachacha, na mafuta yanapanda juu yenyewe. Mikidadi akiwa na miaka sita alikaa mbele ya sufuria ile kutwa nzima, wenzake wanamwita kucheza hasikii. Mwisho akauliza, "Mama, nani anayatenga?" Mama akajibu, "Mwenyezi Mungu." Akauliza tena, "Anatumia nini?" Mama akamchapa kibao cha mgongo, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Hadithi hii tumeisimulia kila Idi, na yeye kila Idi aliona haya.

Alisoma Shule ya Msingi Zinga kuanzia 1970 hadi 1976, akienda na kurudi kwa miguu. Sekondari alisoma Dar es Salaam hadi 1982, akapita Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akaingia chuo kikuu mwaka 1984 na kutoka mwaka 1988 na shahada ya uhandisi wa kemikali. Mwaka 1993 alikwenda India kusomea udaktari wa falsafa, akarudi 1998 na sanduku zito la chuma. Tukajua ni doti za kanga. Kumbe vitabu! Mama hakumsemesha siku mbili.

Mwaka 1991 alimwoa Bi Naila binti Mahmoud wa Bagamoyo mjini, mwanamke mwenye subira kuliko mimi. Walijaaliwa watoto wawili, Ridhiwani na Adila, na nyumba yao waliijenga hapa Zinga. Mume wangu alipofariki mwaka 2009 walinichukua nikakaa nao, na sijasikia hata siku moja neno la kunisimanga.

Kazi aliifanya miaka thelathini na minne, katika taasisi moja ya utafiti Dar es Salaam, mpaka alipostaafu Juni 2022. Kazi yenyewe naieleza alivyonieleza Lulu, mwanafunzi wake aliyekaa hapo nje na wenzake, kwa sababu mwenyewe aliponieleza sikumsikiliza. Mabibo yetu huoza mashambani kila msimu, tunachukua korosho tu. Mikidadi alitaka maji yake yachachushwe na bakteria, yeye akiwaita "wadudu wangu", watoe asidi ambayo viwanda vya vyakula na dawa huagiza nje. Tabu ni kwamba asidi ikizidi huwaua wadudu wenyewe. Basi juu ya yale maji humiminwa kiyeyushi kilichochanganywa na mafuta ya nazi. Hakichanganyiki na maji, kinaivuta asidi kwake, halafu unakiengua kama mama alivyoengua mafuta. Lakini kiyeyushi nacho ni sumu kwa wadudu wale. Kwa hiyo tangu 2013 aliwazoesha, leo tone moja, baada ya miezi matone mawili. Waliokufa wakafa, waliosalia akawafanya mbegu. Mwishowe akapata wanaoishi chini ya kiyeyushi na kufanya kazi, na Lulu anasema hajasikia wengine kama hao.

Jokofu la kazini lilipoharibika, mwaka mmoja kabla hajastaafu, aliwaleta nyumbani wakiwa ndani ya chupa kumi na moja, akawaweka kwenye friji la jikoni. Hakukuwa na wengine popote. Akabandika karatasi: "Msiguse." Kila Ijumaa akitoka msikitini aliwalisha maji ya mabibo. Na harufu yake jamani! Majirani walimtania, "Dokta, uraka umeiva?" Yeye alicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia, "Mikidadi, watu wanasema unapika pombe kwenye nyumba inayosomwa Kurani." Akanijibu, "Dada, hawa hawatengenezi pombe, wanatengeneza uchachu tu, kama maziwa mgando." Moyoni sikuamini. Niliona haya kwa ajili yake.

Maradhi yalimwanza mwishoni mwa 2024, figo zote mbili. Januari mwaka huu alilazwa Dar es Salaam, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na Naila alikuwa naye huko, wadudu wakabaki wamelala kwenye baridi ya friji. Sisi tuliobaki tukapanga kumsomea khitma tarehe 23 Februari.

Sasa soma polepole, Ridhiwani. Jumamosi, siku moja kabla ya khitma, nilisafisha nyumba. Nikafungua friji, ile harufu ikanipiga usoni. Nikajiuliza, tutamwombeaje mgonjwa dua chini ya paa lenye ulevi? Dua itapokelewa? Nikazitoa chupa zote kumi na moja, nikazimwaga chooni. Kisha nikazisuuza kwa sabuni na maji ya moto, nikatia achari ya maembe. Nilifurahi siku ile. Nilidhani nimemsaidia ndugu yangu mbele ya Mola wake.

Aliruhusiwa kurudi nyumbani Alhamisi tarehe 6 Machi. Hakwenda kitandani, alikwenda jikoni, ameshika ukuta. Akafungua friji, akaziangalia chupa, akafunua moja akanusa. Akaniuliza, "Dada, zile chupa ulizisuuza?"

Nikamwambia, "Nimezisuuza sana."

"Kwa maji ya baridi?"

"Ya moto, yanachemka. Na sabuni."

Akasema, "Basi," akafunga mlango wa friji taratibu. Nilidhani ananisifu kwa usafi.

Baada ya Idi alikuja Lulu na kasha la barafu. Walikuwa wamekubaliana awachukue wadudu, aendeleze pale yeye alipoishia. Nilikuwa uani, namsikia. Mikidadi alimwambia, "Umeme ulikatika siku nne, mwanangu. Wamekufa wote." Lulu akauliza kama anaweza kuanza upya na yale madaftari. Akamjibu, "Daftari litakwambia nilichofanya. Haliwezi kukupa walionusurika. Miaka kumi na miwili mimi sinayo tena." Lulu akalia. Mimi nikasimama na upawa mkononi, hapo ndipo nilipoelewa nilichomwaga.

Lulu, umeme haukukatika. Ni mimi. Naila, Ridhiwani, Adila, nanyi mlikuwa hamjui. Alinisitiri.

Tangu siku ile daftari hakuligusa. Alikaa barazani akiangalia barabara. Watu wakasema ni figo, nami nikaitikia, "Ndiyo, ni figo." Alifariki dunia hapa nyumbani Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, saa tano asubuhi, na anazikwa leo Mlingotini, kando ya baba na mama, baada ya sala ya Ijumaa.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu na dada mmoja. Chupa zipo, madaftari yapo. Mabibo yanaanza kuiva, nayo yataoza kama miaka yote.

Kabla ya kulinyanyua jeneza, imamu atawauliza kama mmemridhia marehemu, nanyi mtajibu. Jibuni kwa moyo safi, hakuwahi kumdhulumu mtu. Lakini hakuna anayemwuliza maiti kama ameturidhia sisi. Tangu nielewe, nilikuwa na miezi sita ya kumwuliza. Kila asubuhi nilimpelekea uji, akaniambia, "Shikamoo, dada," nikamjibu, "Marahaba," nikasema moyoni, nitamwambia kesho. Alhamisi nilimpelekea uji kama kawaida, na hakuuonja.

Mola ampumzishe kwa amani, alipanue kaburi lake. Mikidadi, mdogo wangu, niwie radhi.

Ridhiwani, usingoje jibu. Mchukueni.